Plagi ya Silinda ya Tatu

Wiki mbili zilizopita tulimzika mkwe wangu, Bi Mwanahawa, hapa Maramba, pembeni ya shamba lake la michungwa. Siku ya hitima, wageni walipokwisha kula na sinia kuondolewa, wanawake wachache tulibaki chumba cha ndani, tumenyoosha miguu mikekani. Mke wa mwanangu mdogo, binti aliyeolewa mwaka huu huu na ambaye bado ananiogopa kidogo, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ati ni kweli wewe na bibi mwanzoni mlikuwa hamsemezani?" Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, nikamwambia tulikuwa tunasemezana, ila maneno yalikuwa machache. Halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu, katikati yake mna injini ya lori, na siku ile sikuwa na sauti ya kulifikisha mwisho. Kwa hiyo naliandika hapa, asome yeye, na asome mwingine yeyote anayeingia nyumba ya watu akiwa mgeni.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoletwa Maramba. Mume wangu, Bakari, alikuwa mwalimu Mkwaja, kule pwani karibu na Saadani, akiishi chumba kimoja na mwalimu mwenzake, na tulikubaliana nikae kwa mama yake mpaka apate nyumba. Tulidhani ni miezi mitatu. Ulikuwa mwaka mzima. Alikuja mara moja kwa mwezi akiwa hoi kwa safari, akalala siku mbili, akaondoka. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili katika duka la vipuri vya magari mjini Tanga, nyuma ya kaunta, na nilizijua plagi za kuwashia injini kwa namba na kwa urefu wa nyuzi zake, ile mikato ya parafujo inayozishikilia. Sikuwahi kuifunga hata moja kwenye injini. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walinisifu kwa ufundi ambao sikuwa nao.

Nyumba ya Bi Mwanahawa ilikuwa ya udongo na mabati, vyumba vinne, na kuta zake za ndani hazikufika juu. Zilikomea pale mkono unapoishia ukiuinua, na kutoka hapo mpaka kwenye bati palikuwa wazi. Neno likisemwa chumba kimoja lilivuka likaingia vyumba vyote, kama vile kila chumba kimealikwa. Chakula tulikula jikoni, banda la nje lenye mafiga matatu na harufu ya kuni za mchungwa. Mara nyingi ilikuwa bada, ule ugali wa muhogo ambao mimi mtoto wa Makorora, mtaa wa Tanga mjini, niliukuta kwa nadra, na mchuzi wa nazi wa uono, vile visamaki vidogo. Yeye alimega, akala, akanawa, akainuka. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natia tonge la tatu. Alinisemesha kwa kazi: maji, kuni, kuku, mlango. Leo najua kwamba alikuwa mjane wa miaka mitatu aliyezoea kula peke yake, na kwamba mtu aliyezoea hivyo husahau namna ya kumngoja mwenzake. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba hanitaki.

Mwezi wa tano wa kukaa kwangu, nikiwa nimejilaza baada ya adhuhuri, nilimsikia akizungumza na dada yake chumba cha pili. Dada mtu aliuliza mkaza mwana ana hali gani. Bi Mwanahawa akamjibu taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mikono yake ya dukani. Jana nazi moja kaikuna mpaka jua limepanda. Hana ubaya, lakini sijui nimfanyie nini." Nililala nikitazama bati. Jioni ile nilikata shauri kurudi kwetu. Sikutaka ugomvi, wala sikutaka kupanda basi pale stendi mbele ya majirani. Nilipanga kwenda na lori la machungwa siku litakapoteremka Tanga, niseme naenda kumwona mama, kisha nisirudi.

Lori lenyewe aliliacha marehemu baba mkwe. Lilikuwa dogo, la petroli, silinda nne, rangi yake ya bluu imebaki milangoni tu. Dereva alikuwa Makame, Mpemba wa makamo aliyekuja Tanga ujanani kwa biashara ya karafuu, akaoa huku, akabaki. Alikuwa mtu wa maneno mengi na swala za wakati. Kila msimu Bi Mwanahawa alikusanya machungwa yake na ya majirani watano, Makame akayapeleka kwa mzee mmoja wa Kiarabu mwenye ghala karibu na soko. Mzee yule alikuwa muungwana, ila hakuwa na subira na mali inayooza. Alikuwa akiyangoja Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo, machungwa yameshachumwa na kurundikwa chini ya banda la makuti, lori lilirudi kutoka shambani likikohoa, likashindwa kupanda hata kile kilima kidogo cha kuingilia nyumbani.

Makame alifungua boneti. Injini ikiwa inaunguruma, akashika kitambaa kikavu na kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Wa kwanza ulipotoka, injini ilitetemeka zaidi, akaurudisha. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulipotoka, hakuna kilichobadilika. "Ya tatu imekufa," akasema. Plagi mpya zilikuwamo ndani ya kopo sebuleni, alizoziacha marehemu. Za zamani, tatu zilifunguka bila shida, zimeungua lakini nzima. Ya tatu haikusogea. Boneti ilikuwa na ufa juu yake hasa, na maji ya mvua za miaka yalikuwa yakidondokea pale, mpaka kile kishimo inamokaa plagi kilijaa kutu na tope gumu.

"Hiyo aliikaza marehemu mwenyewe," alisema Bi Mwanahawa. Alikuwa amesimama nyuma yetu na upawa mkononi. "Alikuwa akikaza kila kitu kupita kiasi. Hata mfuko wa sukari akiufunga yeye, kuufungua ni kuukata."

Makame akaenda kuchukua bomba la chuma, alichomeke kwenye mpini wa spana apate nguvu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Sikufungua kwa sababu ya lori. Nilifungua kwa sababu lori ndilo lililokuwa njia yangu ya kuondokea. "Baba Makame, usitie bomba. Hedi, hiki kichwa cha injini, ni aluminiamu, na plagi ni chuma. Ukiilazimisha inatoka na nyuzi za hedi, na hapo plagi mpya haitashika tena."

"Yakhe, wewe hayo umeyajulia wapi?"

"Dukani. Nimewaona wanaokuja wakishatia bomba."

Akanitazama, akanipa mpini. "Basi shika wewe."

Nilishika. Nilitaka sana aone, na yule mwanamke nyuma yetu aone, kwamba mikono ya dukani inaweza kitu. Nikavuta huku nimeuinamisha mpini upande, kwa kuwa sikujua kwamba spana ikilala kidogo tu hubana ile kaure nyeupe ya juu ya plagi. Ilikatika kwa mlio mdogo, kama kikombe kinachogonga sahani. Kipande cheupe kikabaki kimelala kwenye tope la kile kishimo. Bi Mwanahawa alisogea, akakiokota kile kipande, akakigeuza kidoleni, akakiweka juu ya ukuta wa kibaraza, akarudi jikoni. Mimi niliingia chumbani nikaketi kitandani, mikono ikinuka petroli, nikiwa na hakika kwamba sasa hata ile sababu ya kuniona sina ubaya imekwisha.

Baada ya alasiri nilisikia sauti zao zikivuka ukuta. Makame alitaka kumwita fundi wa barabarani. "Mwite," alisema Bi Mwanahawa. "Lakini yule binti kavunja, na yule binti ndiye aliyejua kwamba bomba lingeharibu hedi. Mimi mtu wa namna hiyo nitampa spana tena." Makame akacheka kidogo, akasema, "Haya, lori lako." Niliyasikia maneno yale, na nakiri kwamba sikuyaelewa vizuri. Nilidhani ananidhihaki. Ilinichukua siku nzima kuona kwamba alimaanisha alichosema, na ilinichukua miaka kuona kwamba hakujua kusema jambo asilolimaanisha.

Fundi alikuja Jumatano asubuhi, kijana mstaarabu mwenye haraka zake. Alitazama, akapima kwa kidole, akasema hedi ifunguliwe yote, ipelekwe Tanga, plagi itobolewe na nyuzi zichongwe upya. Wiki mbili, labda tatu. Alisema kweli, ila kweli yake haikuwa na Jumamosi ndani yake. Chini ya banda machungwa yalikuwa yameanza kutoa ile harufu tamu kupita kiasi. Na hapo kijijini alikuwapo mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekwisha kupita mara mbili kuulizia lori, na mashemeji wa Bi Mwanahawa walikuwa wakimwambia aliuze, akae atulie, wao watamtunza. Niliuona uso wake fundi alipoondoka. Kutunzwa na mashemeji lilikuwa jambo la mwisho alilolitaka duniani.

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya lori, akaniita. "Saumu. Hao waliokuwa wakija dukani kwenu, wale waliofanikiwa kuitoa, walifanyaje?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu lisilohusu kazi za nyumbani. Nikamweleza nilichokumbuka. Kwanza kusafisha kishimo, uchafu usije ukaangukia ndani ya silinda. Kisha kuilowesha plagi kwa mafuta mepesi na kuyapa muda yapenye. Kisha kuipasha injini moto kidogo, isichemke, ipate uvuguvugu tu, kwa sababu aluminiamu hutanuka kuliko chuma. Na kuigeuza kidogo kidogo, mbele na nyuma, bila kuivuta yote kwa mara moja. Sehemu ya kushikia spana ilikuwa bado nzima; ni kaure tu iliyokatika.

"Basi tuna siku mbili na nusu," alisema. "Makame, lete pampu ya baiskeli."

Tulifunga kipande cha mrija mwembamba kwenye pampu, Makame akapuliza huku mimi nikikwangua tope kwa mti uliochongwa, mpaka kishimo kikabaki kikavu. Tukachanganya mafuta ya taa na mafuta ya breki ndani ya kikombe cha kahawa, nikayadondosha kwa unyoya wa kuku kuzunguka shina la plagi. Tukangoja. Kila baada ya swala nilirudia. Katikati ya kungoja tulikula palepale kibarazani, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda mbali. Bi Mwanahawa alileta mihogo ya nazi na chai ya mchaichai, na siku hiyo, nadhani kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye injini, alikula polepole. Makame alitusimulia jinsi baba yake kule Pemba alivyotumia mwezi mzima kufungua kufuli la sanduku la bibi yake, na ndani wakakuta kofia moja na barua isiyosomeka. Bi Mwanahawa alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Alikuwa na kicheko cha chini, cha mtu anayejaribu kukizuia.

Alhamisi Makame aliwasha injini kwa silinda tatu, ikatikisika dakika chache, akaizima. Nikapanda kwenye ubao mbele ya lori, nikasimamisha spana wima kabisa, mkono wa kushoto ukiishikilia kichwani isilale. Bi Mwanahawa akaja akasimama karibu yangu, akainamisha sikio. Niliona ajabu. "Marehemu hakuniruhusu kufungua wala kukaza kitu," alisema, "lakini miaka kumi na minane nilisimama hapa nikimpa spana. Masikio hakunikataza. Anza kwa kukaza."

"Kukaza, mama?"

"Kidogo tu. Ishtuke."

Nikakaza, nusu ya unywele. Kikatoka kimlio kikavu. "Sasa fungua." Nikafungua. Ikasogea, upana wa ukucha hivi, nikahisi moyo wangu umesogea nayo. "Rudisha," akasema. Sikutaka kuirudisha, nilikuwa nimeipata. "Rudisha, Saumu. Inalia kavu. Ikilia hivyo inakula nyuzi." Nikarudisha. Tukaongeza mafuta, tukangoja, tukaanza tena. Siku nzima tulikwenda hivyo. Mimi nilikuwa mikono, yeye alikuwa sikio. Aliposema endelea niliendelea, aliposema rudisha nilirudisha, na baada ya muda nikaanza kuusikia mwenyewe ule mlio, tofauti ya kavu na laini, na mara moja tulisema "rudisha" kwa pamoja. Hakutabasamu, ila aligusa bega langu kwa vidole viwili, kama anayepangusa vumbi. Mpaka jua linashuka tulikuwa tumepata robo mzunguko. Makame akasema kwa mwendo huu tutaitoa Ramadhani. Bi Mwanahawa akamwambia akachote maji.

Ilitoka Ijumaa, kabla ya adhana. Robo ya pili ilikwenda laini, nusu ikafuata, na ghafla spana ikawa nyepesi mkononi, nikamalizia kwa vidole. Nyuzi zake zilikuwa nyeusi, na kwenye uzi wa mwisho palikuwa na chembe chache zinazong'aa za aluminiamu. Nilichungulia kishimo kwa kioo cha kujitazamia na mwanga wa jua. Nyuzi za hedi zilikuwa zimechoka, lakini zilikuwapo zote. Niliketi chini kwenye vumbi. Makame alituambia tusogee, akaizungusha injini kwa starta huku tundu likiwa wazi, itapike uchafu wowote uliobaki. Ikapumua kwa kishindo mara tatu, nne. Nikapaka nyuzi za plagi mpya mafuta mazito kiasi kidogo, nikaianza kwa vidole vitupu mpaka ilipogusa, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Makame aliona haitoshi. "Inatosha," alisema Bi Mwanahawa. "Ya kukazwa sana tumeshaiona." Lori lilipowaka lilikuwa na sauti moja, nzito, isiyokatika. Makame alikwenda msikitini amechelewa, kanzu ina oili.

Jumamosi alfajiri machungwa yalipakiwa, nami nikaja na begi langu, nikasema naenda kumsalimia mama. Bi Mwanahawa alikuwa ameshavaa buibui, ameketi kwenye kiti cha mbele. Hakuwa amepanda lori lile tangu mumewe afe. Tulibanana watatu, tukapita vumbi la Mabokweni, injini ikipanda vilima bila kulalamika, na nilikuwa na furaha iliyonichanganya, kwa kuwa nilikuwa natoroka na mtu ninayemtoroka. Ghalani mzee wa Kiarabu alikata machungwa mawili, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Bi Mwanahawa akamwambia Makame, "Tupitie Makorora."

Mama yangu alipika wali na samaki wa kukaanga, wakazungumza habari za mvua na za wagonjwa. Baada ya kula Bi Mwanahawa aliniita barazani. Alivaa viatu taratibu, kimoja kimoja, ndipo akasema. "Niliona unavyofunga begi. Sikukuuliza, kwa sababu ungenidanganya, na mimi sipendi kumtia mtu kwenye uongo. Ukitaka kubaki, baki. Bakari nitamwambia mimi, wala sitamwambia baya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, nimeshazipangia majibu, na sasa majibu yangu yote hayakuwa na kazi. Mwishowe nikauliza, "Na wewe, mama, unataka nini?"

Alitazama barabara. "Mimi nataka urudi," alisema. "Lakini hilo ni langu." Akanyanyuka, akapanda lori, wakaondoka.

Nilibaki siku nane. Nalisema wazi, mke wa mwanangu asije akadhani nilimkimbilia Bi Mwanahawa pale pale. Nililala sana, nikawatembelea wenzangu wa dukani, nikala mkate wa ajemi kila asubuhi, na hakuna aliyekuja kunitafuta wala kunisemea vibaya. Bakari aliniandikia barua: mama yake amemweleza kwamba nimechoka na napumzika. Basi. Nilisoma barua ile mara nyingi nikitafuta mahali pa kukasirikia, sikupaona. Kila mtu niliyemjua alikuwa na la kuniambia juu ya ndoa yangu, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kulalamika, mkwe wangu, alikuwa ameniachia nafasi. Siku ya tisa Makame alileta machungwa mengine mjini, na nilikuwa nimesimama mlangoni pa ghala tangu asubuhi. Alinifungulia mlango wa lori bila kuuliza, akanisimulia habari za Pemba mpaka Maramba.

Bi Mwanahawa alikuwa jikoni akimenya mihogo. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, akanitazama kutoka miguuni mpaka usoni. "Umekula?" Nikasema bado. Akasogea upande mmoja wa mkeka. Pembeni ya ungo palikuwa na kisu cha pili, kimeshanolewa, hakijagusa muhogo. Nikaketi, nikakichukua. Mimi namenya polepole mpaka leo. Naye, siku ile na miaka yote iliyofuata, alipunguza mwendo wake, tukawa tunamaliza pamoja.